Mizani ya Musa katika soko la mbaazi

Babati haina sinagogi. Ina makanisa ya Kikatoliki yaliyo chini ya Jimbo la Mbulu, ina ya Kilutheri, ina ya Kipentekoste yanayoongezeka kila viwanja vipya vinapopimwa, na ina misikiti yenye waumini wengi miongoni mwa Wagorowa na Warangi. Myahudi mwenye kusoma Torati kwa Kiebrania na kufunga duka Ijumaa jua likizama, kwa wengi wetu hapa ni mtu wa kwenye Biblia tu. Kwa jumuiya kongwe ya Kiyahudi inabidi uvuke mpaka hadi Nairobi, ambako ilianzishwa mwaka 1904. Hata hivyo haipiti Jumapili bila Musa, Amosi, Ruthu na Sulemani kutajwa mimbarini kuanzia Bonga hadi Magugu. Tunaishi na urithi wa watu ambao hatujawahi kuketi nao meza moja, na hilo pekee linatosha kumfanya Mkristo wa Babati ajiulize: katika urithi huo amechukua nini, na kipi amekiacha nje ya mlango?

Jibu la haraka, linalopatikana hata katika semina za viongozi wa dini, ni kwamba Uyahudi na Ukristo vinashiriki Amri Kumi, upendo, amani na heshima kwa wazazi. Si uongo. Lakini ni jibu la bei rahisi, kwa sababu karibu kila dini na kila ukoo duniani unakubali kwamba wazazi waheshimiwe na watu wasiuane. Ukitaka kuona kile ambacho dini hizi mbili zimerithi kwa hakika, fungua Mambo ya Walawi sura ya 19. Humo imo amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, mstari wa 18, ambao kila mwanafunzi wa kipaimara anaufahamu. Tatizo ni kwamba anaufahamu ukiwa umechomolewa mahali pake. Ukiusoma ulipo, unakuta mwanzoni mwa sura mkulima anakatazwa kuvuna pembe za shamba lake na kurudia kuokota yaliyodondoka. Kisha tajiri anakatazwa kulaza ujira wa kibarua hadi asubuhi. Kisha hakimu anaonywa asimpendelee maskini wala mkubwa. Baada ya upendo wa jirani anakuja mgeni, ambaye naye apendwe vilevile, na sura inakaribia mwisho kwa mizani, mawe ya kupimia na vipimo vya nafaka na vya vimiminika, ambavyo vyote viwe vya haki. Upendo umewekwa katikati ya ujira na mizani, na mwandishi wa sheria hiyo hakuona ajabu yoyote kuchanganya mambo hayo.

Yesu hakuitunga amri ile, aliinukuu. Katika Marko sura ya 12, mwalimu mmoja wa sheria anamuuliza amri iliyo kuu, naye anajibu kwa kuunganisha maneno mawili ya Torati, moja la kumpenda Mungu na jingine la kumpenda jirani. Tunasahau mara nyingi kwamba mwalimu yule, ambaye ni Myahudi wa kundi ambalo mahubiri yetu hulisema vibaya kila mwaka, anakubaliana naye kabisa na kusifiwa kwamba hayuko mbali na ufalme. Kizazi kimoja hivi kabla ya hapo, mwanazuoni wa Kiyahudi Hillel aliombwa na mtu wa mataifa amfundishe Torati yote kwa muda ambao mtu anaweza kusimama kwa mguu mmoja. Akampa kanuni ya kutomtendea mwenzako jambo ambalo wewe mwenyewe unalichukia, akaongeza kwamba yaliyobaki ni ufafanuzi, aende akasome. Rabi Akiva, karne moja baadaye, aliuita ule mstari wa 18 kanuni kuu ya Torati. Kwa hiyo juu ya jambo kuu hapakuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya Masihi, juu ya hekalu, juu ya tohara na vyakula, na huo ni mkubwa na wa kweli. Lakini gunia la mbaazi halikuwa sehemu ya ugomvi huo.

Nataja mbaazi kwa makusudi. Wilaya ya Babati ni moja ya maeneo yanayojulikana nchini kwa zao hilo, linalopandwa pamoja na mahindi na kubaki shambani likikomaa baada ya mahindi kuvunwa. Soko lake kubwa ni India, na mwaka 2017, serikali ya huko ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei iliporomoka hadi vijijini kwetu ambako hakuna aliyekuwa na sauti katika uamuzi huo. Hilo liko nje ya uwezo wa mkulima na mchuuzi wa Galapo. Kilicho ndani ya uwezo wao ni gunia. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na kanuni zake zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kila anayelima anaijua lumbesa: gunia lililoshindiliwa, kisha likafungiwa nyongeza kwa kamba juu ya mdomo wake, na bado likahesabiwa kuwa gunia moja. Mkulima mwenye magunia kumi ya kilo 120 yanayolipwa kama ya kilo 100 ametoa bure kilo 200, yaani magunia mawili kamili. Hakuna aliyemwibia usiku. Ameibiwa mchana, mbele ya watoto wake, na pengine akasaidia kulishona gunia mwenyewe.

Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwajua watu wa namna hii. Aliwaona wafanyabiashara wa Samaria wakihesabu saa za Sabato ili ipite wafungue ghala, wakipunguza kipimo cha kuuzia na kuongeza uzito wa jiwe la kupokelea fedha. Mahubiri yetu hufika hapo, yakapanda sauti, kisha yakahamia kwenye jambo jingine. Marabi hawakuhama. Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo, inamwagiza mwenye duka kusafisha vipimo vyake mara mbili kwa wiki, mawe yake mara moja kwa wiki, na kufuta sahani za mizani kila anapomaliza kupima, kwa sababu mabaki yanayoganda hubadilisha uzito. Talmudi, inayoifafanua Mishna, inakwenda mbali zaidi: mtu asiweke nyumbani mwake kipimo kilichopungua wala kilichozidi, hata kama anakitumia kama chombo cha haja ndogo usiku, kwa kuwa siku moja mtu anaweza kukichukua na kupimia nacho. Zingatia neno kuzidi. Walielewa kwamba udanganyifu una pande mbili, wa muuzaji anayepunguza na wa mnunuzi anayeongeza, na lumbesa ingewaingia akilini bila maelezo mengi. Rabi Yohanan ben Zakkai alipata shida ya aina yake kuhusu jambo hili: akizieleza hila zote za wapimaji, wajanja watajifunza kwake, akinyamaza, watasema wanazuoni hawajui yanayotendeka sokoni. Wahubiri wetu wengi wameitatua shida hiyo kwa kuchagua kunyamaza.

Na ili mizani iwe mizani, lisemwe pia la upande wa pili. Mkulima anayechanganya mawe na takataka kwenye mbaazi, au anayeuza mahindi yenye unyevu ili yazidi kilo, yumo katika mstari uleule wa Walawi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao Serikali imeuingiza kwenye mbaazi miaka ya karibuni pamoja na minada ya Soko la Bidhaa, TMX, unajaribu kuwabana wote wawili kwa kupeleka upimaji ghalani, mbele ya watu. Una matatizo yake, na wenye kulalamika juu ya makato na ucheleweshaji wa malipo wana haki ya kusikilizwa. Kwa hoja yangu linatosha hili: mfumo wowote, hata wa kielektroniki, unaanzia kwa mtu aliyesimama kando ya mizani, na mtu huyo Jumapili yuko kanisani au Ijumaa yuko msikitini.

Jambo la ujira ni zito zaidi, na hapa maandiko ya dini zote mbili yanakaribiana kuliko mahali pengine popote. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataka kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, alipwe siku hiyohiyo kabla jua halijazama, kwa sababu ameuweka moyo wake kwenye ujira huo. Waraka wa Yakobo sura ya 5, mojawapo ya maandiko ya Kikristo yenye harufu nzito ya Kiyahudi, unaugeuza ujira uliozuiliwa wa wavunaji kuwa shahidi anayepiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Hata ule mfano wa Mathayo 20 wa mwenye shamba la mizabibu, ambao tunauhubiri kama somo la neema, unasimama juu ya desturi ya Torati: ilipofika jioni, vibarua waliitwa wakalipwa. Yesu hakuhitaji kueleza kwa nini jioni. Katika mashamba ya mpunga ya Magugu na ya miwa Bonde la Kiru, na katika palizi ya mahindi kila kona ya wilaya, vibarua wanaijua sentensi ya njoo Jumamosi. Tajiri anayesema hivyo hajioni mwizi. Anajiona mtu ambaye fedha zake bado zinazunguka. Torati inamwona tofauti, na marabi walieleza sababu: kibarua aliyepanda juu ya mti akahatarisha maisha kwa ajili ya ujira, ukimzuilia ni kama umeuchukua uhai wake.

Kuna kisa katika Talmudi ambacho ningependa kila mwajiri akisikie. Tajiri mmoja wa Babeli, karne ya tatu, aliajiri wapagazi wambebee pipa la divai, nao wakalivunja. Akazikamata kanzu zao ziwe fidia. Wakaenda kwa mwanazuoni aliyejulikana kama Rav, naye akaamuru warudishiwe kanzu. Tajiri akauliza kama hiyo ndiyo sheria. Akaambiwa ndiyo. Kisha wapagazi wakasema wamefanya kazi kutwa nzima, wana njaa, na hawana kitu. Rav akaamuru walipwe na ujira wao. Tajiri akauliza tena kama hiyo nayo ni sheria, akajibiwa vilevile. Kwa hesabu kavu tajiri alikuwa na haki yake, kwa kuwa pipa lilikuwa lake na waliolivunja walijulikana. Lakini mwamuzi alimpima kwa kiwango cha mtu mwema, si cha mtu asiye na hatia mahakamani. Hapo anatokea mwenye shamba wa Mathayo 20 akiwa amevaa vazi la Kibabeli. Nani alimsikia nani, si kitu. Wote wawili walikunywa katika kisima kimoja.

Hii ndiyo hoja yangu, na niiseme wazi kabla ya kuulizwa. Maadili yanayoshirikiwa na Uyahudi na Ukristo hayako kwanza katika hisia nzuri, yako katika wajibu unaoweza kupimwa. Historia iliwagawia kazi. Wayahudi, waliokaa karne nyingi bila dola wakiongozwa na sheria yao, waliendelea kuuliza kiasi gani, lini, kwa nani. Mishna ina kitabu kizima juu ya pembe ya shamba, na baada ya kusema kwamba pembe hiyo haina kikomo cha juu, kinaweka cha chini: isipungue sehemu moja ya 60. Mwenye ekari sita asingeweza kumwachia maskini mashina mawili akajisifu. Alidaiwa angalau sehemu ya kumi ya ekari. Wakristo kwa upande wao waliushika moyo, wakasisitiza kwamba mtu anaweza kutimiza hesabu yote huku anamdharau anayempa. Mafundisho yote mawili yalikuwa na mzizi kwa mwenzake, kwani manabii wa Israeli walihubiri moyo, na Zakayo wa Luka 19, mtoza ushuru wa Yeriko, alihubiri hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyedhulumiwa. Mara nne ni kiwango cha Torati kwa mwizi wa kondoo. Zakayo hakutangaza tu kwamba ameokoka, alitoa namba. Ukristo wa kwetu, uliochangamka kwa nyimbo na ushuhuda, umekuwa hodari wa moyo na mvivu wa namba.

Mtu atasimama aseme tuko chini ya neema, wala si chini ya sheria, na Walawi ni kitabu cha wana wa Israeli. Lakini Paulo huyohuyo wa neema, katika Warumi 13, anaurudia mstari wa 18 wa Walawi na kusema amri zote zimefungwa humo. Hakuona kwamba neema imeifuta. Kanisa la kale lilitofautisha mapema sheria za ibada na za maadili, na Thomas wa Akwino katika karne ya 13 aliuandika mgawanyo huo kwa utaratibu. Damu ya mbuzi juu ya madhabahu iliachwa. Jiwe la uongo ndani ya mfuko wa mfanyabiashara halikuhalalishwa na mtu yeyote. Walutheri hawahitaji hata kwenda mbali. Katekisimu Kubwa ya Martin Luther, inapofafanua amri ya kutoiba, inaingia sokoni moja kwa moja na kutaja vipimo na mizani ya udanganyifu, na Katekisimu Ndogo ambayo vijana wa KKKT huikariri inakataza kupata mali ya jirani kwa bidhaa mbovu au biashara ya hila. Anayeuliza lumbesa inahusiana nini na wokovu amekwisha kujibiwa na kitabu alichokariri akiwa na miaka kumi na mitano.

Pingamizi la pili linatoka kwa Wayahudi wenyewe, na ni gumu kuliko la kwanza. Wengi wao husikia maneno maadili ya Kiyahudi na Kikristo kama kitambaa kilichotandikwa juu ya kaburi. Wanauliza, kama tulishiriki maadili, mbona tulifukuzwa na kuchinjwa na walioyashiriki? Yohana Krisostomo, mhubiri ambaye hakuna aliyewatetea maskini kwa ukali kama yeye, ndiye aliyewatukana Wayahudi wa Antiokia katika mahubiri ya miaka ya 386 na 387. Luther huyohuyo wa katekisimu aliandika mwaka 1543 kitabu cha kutaka masinagogi yachomwe. Siwezi kulifunika hilo, wala halifai kufunikwa. Ninachoweza kusema ni kwamba aibu hiyo inathibitisha hoja kuliko kuibomoa: walichukua mstari wa 18 wakauacha wa 34, unaoagiza mgeni apendwe. Na makanisa yaliporudi nyuma kujirekebisha, Tanzania haikuwa mbali. Kardinali Laurean Rugambwa alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotoa tamko la Nostra Aetate Oktoba 1965 na kukataa kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya kifo cha Yesu. Mwaka 1984, mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani mjini Budapest ulipopokea tamko lililoyakataa maandishi ya Luther dhidi ya Wayahudi, rais wa shirikisho hilo aliyekuwa akimaliza kipindi chake alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977. Ni jambo ambalo Walutheri wetu wangeweza kujivunia, lakini ni nadra kulisikia likisimuliwa.

Neno la mgeni, kwa hakika, ndilo linalopaswa kuukalia mkoa wa Manyara vibaya. Marabi walihesabu kwamba Torati inaonya juu ya kumdhulumu mgeni mara 36; wengine wakasema 46. Katika wilaya jirani ya Hanang, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilitwaa ekari zinazokaribia 100,000 za malisho ya Wabarbaig kwa ajili ya mashamba ya ngano. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo, sababu mojawapo ikiwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo. Mbarbaig akatakiwa athibitishe mahakamani kwamba si mgeni katika nchi yenye makaburi ya babu zake. Anayeijua hadithi ya Nabothi na shamba lake la mizabibu, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 21, ataona kufanana, na pia tofauti: hakuna aliyepigwa mawe kwa hukumu, na nchi ilikuwa inatafuta chakula. Ila Eliya hakumuuliza Ahabu kama bustani yake ya mboga ilikuwa na faida kwa taifa. Jambo la kusikitisha ni jinsi mimbari za enzi hizo zilivyokuwa na mengi ya kusema juu ya Ahabu na machache juu ya mashamba ya ngano ya Basotu.

Kama mtu anataka mfano wa Afrika Mashariki wa urithi huu ukifanya kazi badala ya kuhubiriwa tu, aende Mbale, mashariki mwa Uganda. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka sehemu hiyo kisha akahisi wamemtupa, alikuwa Mkristo msomaji wa Biblia. Kadiri alivyosoma vitabu vya Musa ndivyo alivyozidi kuamini kwamba havijafutwa, na mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jumuiya inayoitwa Abayudaya. Hakuna Myahudi aliyemhubiria mwanzoni. Biblia ya wamisionari ndiyo iliyomfikisha huko, jambo ambalo nadhani wamisionari hawakulitarajia. Jumuiya ilipungua sana enzi za Idi Amin, aliyepiga marufuku dini yao, lakini haikufa, na mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alipewa daraja la urabi baada ya masomo Los Angeles. Mwaka 2004, Myahudi mwingine wa huko, J. J. Keki, aliwaunganisha wakulima wa kahawa wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu katika ushirika wa Mirembe Kawomera, ili waache kuuza kwa walanguzi kila mmoja peke yake na wauze pamoja kwa bei ya haki hadi Marekani. Hawakukubaliana juu ya Masihi wala juu ya Mtume. Walikubaliana juu ya mizani na bei. Ndiyo maana mfano huo naupendelea kuliko makongamano yote ya mazungumzo ya dini: unaanza mahali ambapo makubaliano yapo tayari.

Uwepo wa Waislamu katika ushirika ule unaleta pingamizi la tatu, ambalo Babati haiwezi kulikwepa. Kwa nini kusema Uyahudi na Ukristo, wakati Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inafunguliwa kwa kuwalaani wanaopunja vipimo, na nabii Shuaib aliwaonya watu wa Madyan kwa jambo hilohilo? Na kabla ya vitabu vyote kufika, Wairaqw walikuwa na mungu wao Looa na sala zao za slufay, Wadatoga walikuwa na mabaraza yao, yakiwemo ya wanawake, ya kumtoza faini aliyevunja heshima. Pingamizi ni la haki, na jibu langu ni fupi: kusema ndugu wawili wanafanana si kusema hakuna binamu. Nimezungumzia wawili hawa kwa kuwa wana kitabu kimoja chenye mistari ileile, hivyo Mkristo hawezi kudai kwamba mafundisho hayo ni ya jirani. Mwislamu wa Babati akisoma haya atayatambua bila kutafsiriwa, na pengine atacheka kwamba tumechukua muda mrefu kufika.

Lipo la mwisho, nalo linahitaji uangalifu. Miaka hii urithi wa Kiyahudi umeingia katika baadhi ya makanisa yetu kwa sura ya bendera ya dola ya Israeli. Tanzania ilivunja uhusiano na dola hiyo mwaka 1973, ikafungua ubalozi Tel Aviv mwaka 2018, na vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023. Msiba huo ni wetu. Lakini anayedhani kwamba kushiriki maadili na Wayahudi ni kushangilia serikali fulani, au kuyafumbia macho maafa ya raia wa Gaza, amebadilisha Walawi 19 kwa ramani. Manabii walioandika urithi huu waliwakaripia wafalme wao wenyewe kabla ya kuwakaripia wa mataifa, na Wayahudi wenyewe leo wanabishana vikali juu ya serikali hiyo. Bendera haigharimu kitu. Mizani inagharimu.

Na gharama hiyo inaweza kukadiriwa. Kila mwaka, makanisa ya wilaya hii hufanya sikukuu ya mavuno: magunia ya mahindi, mbaazi na alizeti hufika mbele ya madhabahu, kuku hupigwa mnada, na mapato huenda kwenye kazi ya kanisa. Hapo ndipo pa kuanzia. Usharika au parokia yenye kiwanja karibu na barabara inaweza kununua mizani moja ya jukwaa, ikaihakiki kwa Wakala wa Vipimo kila mwaka, na kuiweka wazi siku za mnada ili mkulima yeyote, wa dini yoyote, apime gunia lake kabla ya kukutana na mnunuzi. Mzee wa kanisa aliye mchuuzi atapata taabu kidogo Jumatatu ya kwanza, kwa kuwa wateja wake watakuja wanajua kilo zao. Halmashauri ya usharika nayo iweke kwenye kumbukumbu za kikao jina la atakayeifuta sahani yake kila baada ya kupima.